Dema Lililobaki Baharini



Mwezi uliopita, baada ya kikao cha kamati ya msikiti, mama mmoja wa mtaani kwetu alitusubiri barazani akiwa na simu mkononi. Mwanawe anaishi Marekani, katika jimbo la Washington, na alikuwa amemtumia picha. Kijana amesimama juu ya boti, amevaa jaketi la kujiokolea, na mbele yake pana ndoo iliyojaa kaa wakubwa wa rangi ya kahawia inayokaribia zambarau. Mama hakuwa amekasirika, ila alitaka kujua mambo mawili. La kwanza, je, kaa hao wanaliwa? La pili, mwanawe ana kazi yake na mshahara wake. Ni kitu gani kinachomtoa nyumbani siku ya mapumziko akahangaike na mitego katika bahari kuu?

Tulimjibu kwa ufupi pale pale, kisha tukamwahidi kuwa tutalieleza jambo hili kwa urefu katika safu yetu. Tulikuwa na sababu. Sisi wenyewe tuliwahi kupanda boti ya namna hiyo, katika bahari hiyo hiyo, na lipo jambo moja la siku ile ambalo mpaka leo tukilikumbuka hutukosesha utulivu.

Ilikuwa mwishoni mwa Julai, miaka miwili iliyopita. Tulikuwa tumekwenda kuhudhuria harusi ya mpwa wetu katika miji iliyo kusini mwa Seattle, ambako familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki zimefanya maskani. Mwenyeji wetu ni mzaliwa wa Pemba, fundi wa mitambo ya baridi, na marehemu babake alikuwa mvuvi wa madema. Harusi ilipokwisha akatuambia: “Ustadh, umekula wali wetu siku tatu. Jumamosi njoo uone mimi ninavyojikumbusha nyumbani.”

Kaa wanaovuliwa huko huitwa Dungeness, kwa jina la mahali palipo kaskazini mwa jimbo hilo hilo. Wanapatikana katika pwani ya magharibi ya Amerika, kuanzia Alaska hadi California, na hupenda sakafu ya bahari yenye mchanga au tope. Watu wengi huwavua katika Puget Sound, ule mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi, ambako maji yametulia na mtu anaweza hata kutega akiwa juu ya gati. Mwenyeji wetu naye alianzia huko. Lakini kwa miaka kadhaa sasa amekuwa akienda Westport, mji mdogo wa wavuvi ulio kwenye bahari ya wazi, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari. Anasema kaa wa huko wameshiba zaidi. Mkewe anasema kinachomvuta ni mawimbi.

Madema yenyewe yangemshangaza mvuvi wa kwetu. Si ya kusukwa kwa fito. Ni mviringo wa chuma uliozungushiwa waya, mfano wa sinia kubwa lenye kina, na yale ya bahari kuu huongezwa uzito ili mkondo usiyaburute. Pembeni mna milango inayofunguka kwa ndani tu. Kaa huusukuma akaingia, nao ukajirudi nyuma yake. Katikati hufungwa kikapu cha chambo: vichwa vya samaki na mapaja ya kuku. Sheria ya jimbo inataka kila dema liwe na matundu mawili ya mviringo, yenye upana usiopungua inchi 4 na robo, ili kaa wadogo wapate njia ya kutoka. Kamba iwe nzito, izame, isielee juu ya maji ikanasa pangaboi za watu. Boya liwe nusu jekundu na nusu jeupe, nalo liandikwe jina na anwani ya mwenye dema. Kuvuta dema la mtu mwingine ni kosa.

Na lipo sharti moja dogo kuliko yote, ambalo ndilo kiini cha makala haya. Kifuniko cha dema, au sehemu fulani ya ukuta wake, lazima ifungwe kwa uzi wa pamba tupu usiotiwa dawa yoyote. Dema likipotea, uzi huo utaoza wenyewe baada ya wiki kadhaa au miezi michache. Ukikatika, kifuniko hulegea, na waliomo ndani hutoka. Basi, ni uzi tu. Bei yake haifiki hata ya kikombe cha kahawa cha huko.

Tuliondoka usiku, tukaswali Alfajiri njiani kwenye kituo cha mafuta, juu ya mkeka alioutandika mtoto wa mwenyeji wetu, kijana wa miaka kumi na mmoja. Wa nne wetu alikuwa jirani yao, mzee mmoja wa Kiafghani mwenye maneno machache. Tulipofika bandarini tulidhani tutapanda boti na kuondoka. Haikuwa hivyo. Mwenyeji wetu alifungua redio akasikiliza taarifa ya walinzi wa pwani, akatazama jedwali la maji, kisha akaketi. Tukaketi naye karibu saa nzima.

Pale Westport, maji ya ghuba ya Grays Harbor hutokea baharini kupitia mlango uliobanwa na kuta mbili za mawe. Maji yakiwa yanatoka, yaani bahari inapokupwa, mkondo hukutana uso kwa uso na mawimbi yanayotoka Pasifiki, na mawimbi hayo husimama wima kama ukuta. Watu wa huko huogopa milango ya namna hii kuliko bahari yenyewe. Kusini kidogo ya hapo upo mlango wa mto Columbia, ambao umezamisha vyombo vingi hata eneo lile likaitwa makaburi ya Pasifiki. Walinzi wa pwani hufunga mlango kwa vyombo vidogo siku ambazo hali ni mbaya. Hata wasipoufunga, mwenye boti anatakiwa atumie akili yake. Na maji ni ya baridi kali. Hata katikati ya kiangazi, aliyeanguka humo huweza kuishiwa nguvu za mikono kwa muda mfupi kabla hajaifikia boti.

Tunalitaja hili kwa ajili ya wazazi. Kijana yule alivishwa jaketi akiwa bado gatini, na babake akalivuta mkanda mara mbili kuhakikisha. Sisi tulipojaribu kulifungua letu kidogo kwa sababu lilitubana tumboni, mtoto ndiye aliyetukataza. “Ami, hapa hatufungui mpaka turudi.” Tukafunga.

Maji yalipoanza kujaa tukatoka. Ndani ya boti mlikuwa na madema manne, mawili ya mwenyeji wetu na mawili ya mzee wa Kiafghani, kwa kuwa kila mvuvi anaruhusiwa mawili. Wote wawili wana leseni. Nasi tulikata ya mgeni ya siku chache, ingawa hatukutega. Walichagua mahali penye kina cha pima kumi, wakayashusha moja moja kwa mstari, na kila moja wakaliandika katika chombo cha kuonyesha mahali. Kisha tukarudi nyuma kidogo, tukanywa chai ya chupa, na kwa saa tatu hatukuwa na kazi ila kutikiswa.

Dema la kwanza lilipopanda, tukiri kwamba tulisahau umri wetu. Walikuwamo kaa kumi na saba. Lakini ndoo ilipata wanne tu, na hapa ndipo tulipoanza kumheshimu yule mtoto, maana kazi ya kuchambua ilikuwa yake. Alimshika kila kaa kwa nyuma ili asiumwe, akamgeuza tumbo. Dume ana kikunjo chembamba kilichochongoka mfano wa mnara. Jike ana kikunjo kipana cha mviringo, kwa sababu humo ndimo anamobeba mayai, nayo huweza kupita milioni moja kwa kaa mmoja. Msomaji aliyekulia kwenye mikoko anaijua alama hii. Kaa wetu nao ni hivyo hivyo. Majike wote walirudishwa. Kisha akachukua kipimo cha plastiki akaliweka gamba. Katika pwani ya wazi ya Washington, dume asiyefika inchi 6 harusiwi kuchukuliwa, na kila mvuvi mwisho wake kwa siku ni kaa sita. Kisha akawabonyeza waliobaki chini ya gamba. Kaa aliyejivua gamba karibuni huwa laini, ndani yake mmejaa maji kuliko nyama. Naye sheria inataka arudishwe akakomae. Julai na Agosti hao ni wengi.

Kaa mmoja alipungukiwa upana wa ukucha. Mzee wa Kiafghani akacheka akasema kwa Kiingereza chake kwamba huyo angepita tu. Mtoto akampima tena, akamtia majini bila kusema neno.

Dema la pili na la tatu yalipanda salama. La nne hatukuliona.

Chombo kilituonyesha mahali, lakini boya halikuwapo. Tukazunguka. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na kila povu la wimbi lilifanana na boya. Mwenyeji wetu alitaja sababu zinazowezekana: huenda boti nyingine imekata kamba kwa pangaboi, huenda mkondo umelivuta boya chini na litaibuka maji yakitulia, huenda mawimbi yamelifukia dema mchangani. Katika bahari ya wazi mchanga hutembea, na dema lililofukiwa haling’oki hata ukilivuta kwa winchi. Tulitafuta zaidi ya saa moja. Mwishowe akatazama ukungu, akatazama saa, akageuza boti kuelekea mlangoni, na uamuzi ule ulikuwa sahihi.

Tulipokuwa tumeshaingia kwenye maji ya ghuba, mtoto akauliza: “Baba, wale waliomo ndani nani atawafungulia?”

Tukadhani babake atamweleza habari ya uzi wa pamba. Hakumweleza. Alinyamaza, akashika usukani kwa mikono miwili, na uso wake ukatuonyesha kuwa kuna jambo.

Alitueleza usiku, tulipobaki wawili. Msimu wa nyuma, uzi wa pamba ulikuwa umechakaa, ukakatika dema likiwa linapanda. Kifuniko kikafunguka mbele ya macho yake na kaa wote wakarudi baharini. Kwa hasira akaufungua ule uliobaki, akafunga vifuniko vyote kwa vibanio vya plastiki vinavyotumika kufungia nyaya. Alijua kuwa ni kosa. Alijiambia kwamba yeye hapotezi madema, kwani ni mtoto wa mvuvi.

Siku ya pili alimpigia simu mamake Pemba, akamsimulia safari, na katika mazungumzo akamtajia kuwa dema moja limepotea. Bibi yule hakuona msiba wowote. “Si litaoza, mwanangu.” Akamjibu: “Hili la chuma, mama. Halioi.” Kukawa kimya kirefu kwenye simu. Kisha bibi akauliza: “Sasa walionaswa?”

Ndugu wasomaji, katika swali la mtoto na swali la bibi tuliona kitu ambacho vitabu vyetu vilishatufundisha nasi tukakisoma kama habari ya paka tu. Nani asiyeijua hadithi sahihi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka? Bukhari na Muslim wote wameipokea. Tukiitazama vizuri, hakumpiga paka wala hakumchinja. Alimfungia. Hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie riziki yake katika ardhi. Kosa lake lilikuwa ni mlango alioufunga kisha akauacha. Sisi tuliposoma chuoni tulikariri sanadi yake na tukajibu mtihani, lakini hatukuwahi kufikiri kwamba mlango huo waweza kuwa kwenye kina cha pima kumi.

Maana dema lililopotea halilali. Chambo kikiisha, kaa waliomo hukaa bila chakula, hupigana, hudhoofika, na mmoja baada ya mwingine hufa. Mzoga wake unakuwa chambo kipya. Harufu huwaita wengine, nao huingia kwa milango ile ile inayofunguka kwa ndani tu. Dema lisilo na uzi wa kuoza huweza kuendelea hivyo kwa miaka, bila mvuvi, bila mlaji, bila faida kwa yeyote. Katika Puget Sound peke yake, watafiti wamekadiria kuwa madema yapatayo 12,000 hupotea kila mwaka, nayo huua kaa zaidi ya 170,000 waliokuwa wamefikia kipimo cha kuvuliwa. Hao ni wale tu ambao mtu angeweza kuwala. Na hizo ni hesabu za maji yaliyotulia.

Zipo na kamba zake. Nyangumi wapitao pwani hiyo hunaswa kwenye kamba za madema, na katika miaka ya 2015 na 2016 taarifa za nyangumi walionaswa ziliongezeka sana katika pwani ya magharibi ya Marekani. Sehemu kubwa ya kamba hizo ni za wavuvi wa biashara, wenye madema mamia kwa mamia. Hatuwezi kumbebesha mzigo wote mtu mwenye madema mawili. Lakini hata mwenye mawili ana mawili.

Hapa pwani yetu tumezoea kulisifu dema la kusukwa kwa ajili ya wepesi wake na bei yake. Sifa yake kubwa hatuitaji kwa kuwa tumeizoea: likipotea, bahari hulila. Lakini hata kwetu madema ya waya yameingia, na nyuzi za plastiki zimechukua nafasi ya kamba za asili. Katika pwani ya Kenya watafiti wameshirikiana na wavuvi kujaribu madema yenye upenyo pembeni ili samaki wadogo na wembamba wapate kutoka. Habari hizi za Washington, basi, si za mbali kama alivyodhani mama yule wa barazani.

Turudi kwenye swali lake la kwanza, tukianzia usiku ule wa Jumamosi. Kaa walifika nyumbani hai, ndani ya sanduku la barafu, wamefunikwa gunia lenye maji. Hili ni la lazima, kwa kuwa kaa aliyekufa huharibika upesi na huweza kumdhuru mlaji. Bi mwenyeji hakuwatia kwenye maji ya moto wakiwa wanahangaika, kama wafanyavyo wengi. Aliwaacha kwanza barafuni mpaka wakapoa na kutulia, kisha mumewe akawapasua mmoja mmoja kwa pigo moja la kisu kizito, akatoa matumbo, ndipo wakapikwa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha wema hata katika kuua, kwa kunoa kisu na kumpunguzia mnyama mateso, na hatuoni kwa nini kaa asihesabiwe. Kuyatoa matumbo kuna faida nyingine pia. Katika baadhi ya miaka, vimelea fulani vya jamii ya mwani huzidi baharini, navyo hutoa sumu ambayo hukusanyika kwenye matumbo ya kaa na haitoki kwa kupika. Mwaka 2015 sumu hiyo ilichelewesha msimu wa kaa katika sehemu kubwa ya pwani ile. Mwenyeji wetu hatoki nyumbani kabla ya kusoma tangazo la idara ya afya.

Walipopakuliwa kwa wali wa nazi, mzee wa Kiafghani alichukua wali na mchuzi wa samaki, kaa akawapitisha. Hakutoa hotuba wala hakukunja uso. Yeye ni Hanafi, na katika madhehebu yake kinachohalalika katika wanyama wa majini ni samaki. Madema yake mawili ni ya kuwagawia majirani. Kwetu sisi wafuasi wa Imam Shafi jambo lina maelezo. Imam Nawawi katika Minhaj amemtaja kaa pamoja na chura na nyoka kuwa miongoni mwa wanyama waishio nchi kavu na majini, ambao hawaliwi. Lakini yeye huyo huyo katika al-Majmu’ ameitegemea kauli kuwa wote waliomo baharini ni halali isipokuwa chura. Malik na wafuasi wake wameruhusu. Aya ya 96 ya Suratul Maidah imehalalisha mawindo ya baharini kwa jumla, na wanaoruhusu huishika jumla hiyo. Kaa wa Dungeness maisha yake ni ya baharini. Haishi nchi kavu. Kwa sababu hiyo sisi tulikula. Asiyekula kwa kujihadhari, asimlazimishe mwenziwe, na mwenziwe asimcheke. Wallahu a’lam. Kamati yetu haitoi fatwa. Msomaji mwenye shaka amwendee sheikh wake.

Ama swali la pili, kwamba kwa nini mtu mwenye mshahara ajitese baharini, jibu letu ni fupi. Kuwinda kwa mchezo mtupu, mnyama akauawa kisha akatupwa, wanavyuoni hawakukupenda. Lakini huyu anakula, anagawa, na anakaa saa sita na mwanawe bila simu mkononi. Ni wazazi wangapi miongoni mwetu wenye saa sita za namna hiyo kwa mwezi mzima? Kijana yule anajua Kiswahili cha bahari kuliko watoto wetu wa mjini: anajua chambo, pima, maji kupwa na kujaa, na nanga. Tulifurahi, na tusingependa mtu atoke katika makala haya akidhani kuwa tunakataza.

Jumatatu mwenyeji wetu alitoa taarifa ya dema lililopotea, akataja na mahali. Kutoa taarifa za namna hiyo kunahimizwa huko, na atoaye hatozwi faini. Kisha akanunua gurudumu zima la uzi wa pamba, akayaleta madema matatu sebuleni, juu ya zulia, jambo lililomponza kwa mkewe. Alivikata vibanio vya plastiki mbele ya mwanawe. Alimwambia alichokuwa amefanya na sababu yake, hakujificha. Wiki iliyofuata walirudi mahali pale mara mbili, bahari ikiwa shwari, wakatafuta boya. Hawakulipata. Septemba 15 msimu wa madema ukafungwa, na ulipofunguliwa tena Desemba 1 mlango wa Westport ulikuwa umechafuka wiki nzima. Alituandikia kwamba wamebaki nyumbani, na kwamba mtoto amebadilisha nyuzi zote tena ingawa zile za Julai bado zilikuwa nzima.

Tulipomsimulia haya mama yule wa barazani, hakuuliza tena habari ya halali na haramu. Alitaka tumtajie vizuri jina la ule uzi, akalirudia mara mbili ili asilisahau. Ijumaa iliyofuata akatujia baada ya swala. Alikuwa amempigia mwanawe na kumuuliza kifuniko cha dema lake kimefungwa kwa kitu gani. Kijana hakujua, madema aliyaazima kwa rafiki wa kazini. Mama akamwambia asikate simu, ashuke sasa hivi akatazame. Akashuka gereji, yeye akimsubiri hewani, akasikia vyuma vikigongana. Moja lilikuwa na uzi wa pamba. La pili lilifungwa kwa waya, naye alikuwa anatafuta koleo.